Mtu wa Kumi na Tano

Mume wangu Marhoun alizaliwa Nakuru, na katika vyote alivyoviacha Kenya, raga ndiyo iliyomfuata mpaka Nizwa, huku Omani. Mie mtoto wa Unguja mjini. Tulipooana, mwaka wa sabini na tano, sikujua raga ni kitu gani. Nilidhani maradhi, kwa jinsi alivyokuwa akirudi nayo nyumbani.

Alhamisi ya kwanza ya ndoa yetu kaingia mlangoni sikio limechanika, magoti hayana ngozi. Uwanja wao ulikuwa changarawe tupu nje ya kambi ya kampuni, wameumwagia mafuta machafu ili vumbi litulie. Nikamuuliza, nani kakupiga? Akacheka, akanambia, "Rafiki zangu." Nikajisemea haya, ukipenda boga upende na ua lake, nikaenda kuchemsha maji.

Lakini msimcheke. Nje ya uwanja ule Marhoun hakuwa mtu, na hilo nalisema wazi. Kiarabu chake kilikuwa cha kubabaisha. Sokoni wakimwita Zinjibari, na yeye Unguja hata kuiona hajaiona. Sie Waunguja nasi tukimcheka Kiswahili chake cha bara. Ami yake Khalaf akimsema kwa zile kaptula, ati mwanamme mzima, tena wa kabila, anatembeza mapaja mbele ya watu. Ikifika Alhamisi alasiri, wakiinamiana kwenye skramu na kusukumana, yeye ndiye nguzo ya mstari wa mbele, na Wazungu wa Maskati wakija wanamuulizia kwa jina. Timu ikiitwa Dakhiliya, na Mwomani ndani yake alikuwa yeye peke yake. Nimemwona akishuka garini siku za mechi: mwendo wake wenyewe ulikuwa mwengine.

Kazini alikuwa mwalimu wa mafundi kwenye mitambo ya umeme. Serikali ilitaka wenyeji washike kazi za wageni, na wengi wa vijana wetu waliotoka Unguja na Burundi, Kiarabu hawakijui, Kiingereza cha kuombea maji. Basi Marhoun akiwafundisha kwa Kiswahili, mashine kwa mashine. Kijana akiiva, anakwenda kwa mkubwa wao, Mholanzi, anasema, "Yuko tayari." Kijana anapewa kazi, Mzungu anapanda ndege. Na Mzungu huyo, mara nyingi, ndiye mchezaji wake.

Mwanzo hakuliona. Timu ilikuwa na watu wa akiba, akiondoka mmoja anaingia mwengine. Kufika themanini na tatu akiba imekwisha, na kila kijana aliyemfundisha vizuri alimpunguzia mtu. Akawa kama anayekata tawi alilolikalia, na msumeno kapewa na serikali. Akaenda Tanuf kuwabembeleza vijana wa mpira wa miguu. Walikuja mara moja, wakaiona skramu, wakarudi kwao. Akaenda Al Hamra, mzee mmoja akamuuliza kama huo mchezo una faida gani kwa Muislamu. Akarudi mikono mitupu. Kamati ya Maskati nayo ikawapa neno la mwisho: mkija tena pungufu ya kumi na tano, mmetoka kwenye ligi. Ikabaki mechi moja ya msimu, na watu kumi na tano barabara.

Hapo sasa ndipo anapoingia ndugu yangu Muslim, kitinda mimba wa mama. Alikuja kutoka Unguja mwaka wa themanini na moja, akakaa kwetu bila kazi muda mrefu, na kijana wa watu alikuwa na posa yake mji wa Ibra, binti anaitwa Turkiya. Baba yake Turkiya hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, kijana ashike kazi kwanza, nikah itafuata. Marhoun mwenyewe ndiye aliyemtia Muslim kwenye mafunzo, na kazi aliyokuwa akijifunza ilikuwa ya Gareth, Mwelsi, Mzungu mmoja mfupi. Huyo Gareth ndiye anayetoa mpira kwenye skramu. Akiondoka, wanabaki kumi na nne.

Muslim alishika kazi upesi, mashaallah. Marhoun akija nyumbani ananisifia, kwamba shemeji anaijua mashine kwa mlio wake. Mama akaanza kuulizia bei ya vitambaa vya harusi.

Siku moja wiki mbili kabla ya mechi, tuko kwenye chakula cha mchana, Marhoun hali. Anautazama wali. Akanambia, "Shukriya, Mholanzi kaniuliza habari za Muslim. Nimemwambia bado."

"Bado nini?"

"Bado hajawa tayari. Wiki mbili tu. Mechi ikipita nitasema tayari, kazi ni yake."

Nikamwambia, "Yule anakuita shemeji, anakuamkia kila asubuhi kama baba yake. Unamzuilia riziki kwa ajili ya mpira wa mviringo wa yai?"

Akanambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, "Timu ikifa mimi sina kitu kingine hapa."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, yote kwa pamoja. Nikamwambia kesho asubuhi nenda ukaseme kweli. Na alikwenda, haki yake nampa.

Kumbe Mholanzi hakungoja. Kusikia bado, na mtambo hauwezi kukaa bila mtu, alikwisha mwongezea Gareth mkataba wa miaka miwili. Marhoun akamwapia kwamba kijana yuko tayari, alikosea yeye. Mholanzi akamwambia kama ulikosea jana, nitajuaje leo hukosei? Karatasi zimekwisha kwenda Maskati, khalas. Na desturi ya kampuni, mgeni akiongezewa mkataba huenda kwao likizo kwanza. Gareth alikuwa akisafiri Jumanne. Mechi ni Alhamisi.

Marhoun alimwendea Gareth nyumbani kwake, akamwomba mpaka akamshika mikono. Yule akasema mke wake kesha funga mizigo, mama yake mgonjwa, atafanyaje? Marhoun akatafuta mtu kila mahali. Mpishi wa kambi, Mgoa, alikubali, akajaribu skramu mara moja, mgongo ukamshika. Marhoun hali, halali, ananyoosha miguu kibarazani na kuikunja tena.

Ibra nako habari ilikwisha fika, maana habari za kambi hufika kabla ya gari. Baba yake Turkiya akasikia kwamba Muslim kaanguka mafunzo na kazi haipo kwa miaka miwili. Akamwoza binti kwa mtu wa mji wa Samad. Muslim hakumlaumu mtu. Alikaa jikoni kwangu akanambia, "Dada, labda kichwa changu kizito." Nikageukia jiko nisimtazame. Siri haikuwa yangu, na nilikuwa nikimsubiri mwenyewe aitoe.

Alhamisi walisimama uwanjani kumi na nne. Watu wa Maskati wakangoja, wakatazamana, nahodha wao akampa Marhoun mkono kwa adabu, wakapanda basi lao. Ikawa ndio mwisho wa Dakhiliya. Marhoun alirudi nyumbani jua bado kali, jezi safi, akakaa ukumbini na viatu vyake vya meno juu ya mkeka wangu. Sikumsema.

Punde Muslim akaingia, kashika bakuli la halua.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Nimesikia mmepungua mmoja. Sasa shemeji, kwa nini usinambie? Ningekuja mie. Sijui kucheza, lakini kusimama ningesimama, mngefika kumi na tano."

Marhoun alilia. Sijapata kumwona akilia kabla, hata siku aliyovunjika taya. Akasema, "Muslim, ulikuwa tayari. Mimi ndiye niliyesema bado, nimzuie Gareth acheze."

Muslim aliliweka bakuli chini taratibu. Akauliza neno moja tu.

"Turkiya ulimjua, kama ananingoja?"

"Nilimjua."

Akanibusu kichwani, akatoka. Hakumpa mkono.

Sasa Muslim yuko Sur, upande wa Aija, ana duka la vipuri vya mashine za boti, ana mke na watoto. Kila Idi tunakwenda. Anatupokea, anatutilia kahawa kwa mkono wake, hana neno baya. Ila mume wangu siku hizi Muslim anamwita Ustadh Marhoun, kama anavyomwita mteja. Shemeji hajamwita tena, na Marhoun njia nzima mpaka Sur huwa analingojea neno lile.

Idi iliyopita tulifika mlangoni, Marhoun akazima gari, asishuke. Akanambia ingia wewe, mimi nitapumzika hapa kidogo. Mie kuendesha gari sijui, na Muslim analijua hilo. Alinitilia kahawa, akaniuliza habari za mama na watoto, mmoja mmoja kwa majina. Hakuuliza nimefikaje.