Nyuma ya Ng'ombe

Mama yangu alikuwa na goti bovu na kichwa kigumu, na siku tuliyovuka malisho ya juu kutoka Kibabi, kichwa ndicho kilichoongoza. Dada yake mkubwa, tuliyemwita Mama Mukubwa, alikuwa mahututi upande wa pili wa mlima. Alikuwa amepiga simu mwenyewe, sauti ikikatikakatika, akiomba waonane mara moja tu. Mvua ilikuwa imekata barabara, hata pikipiki hazikupita. Nilimwambia Mama tungoje. Yeye akavaa buti zake za mpira.

Mianzi ilipoisha tulitokea kwenye nyasi tupu zilizolowa, na kinamasi kila penye kibonde. Huko juu hakuna mti wa kuegemea. Watu wa mjini huja kupapiga picha. Mimi napaonea baridi tu. Tulikula viazi vitamu huku tunatembea, maana Mama hakutaka kusimama.

Alasiri ukungu ulishuka, njia ikatupotea. Simu haikuwa na rezo, mtandao haufiki huko. Mama, binti wa wafugaji, hakubabaika hata kidogo. Kundi la ng'ombe lilipita mbele yetu bila mtu, likienda mbio mbio.

"Tufuate hizi," alisema. "Saa hii ngombe inarudiaka kwao. Kwenye inalalaka, njo kwenye bantu iko."

Sikubisha. Kwetu hakuna anayebishia kwamba wanakolala ng'ombe ndiko waliko watu; hata mlevi akipotea malishoni hushika mkia wa ng'ombe, akaamkia kwake. Tuliwafuata, kilima baada ya kilima, nami nikiwa na hasira ya baridi ambayo niliimeza.

Mchungaji wao alitufikia kwa nyuma, akihema.

"Mama, munafuata hizi? Tajiri yangu wa huku juu njo alizinunua juzi kwa muntu wa kule chini. Sasa iko natoroka, inarudilia mwenyewe wa zamani."

Kwa huyo aliyewauza kulikuwa upande mwingine kabisa. Muda wote huo tulikuwa tumempa Mama Mukubwa mgongo. Mchungaji alinyoosha fimbo kwenye ukungu kutuonyesha njia, tukageuka. Mama alitangulia, akivuta lile goti, na kila nilipomwomba apumzike aliongeza mwendo. Nilimwonea huruma, nikaacha kumwomba.

Jua likikaribia kuzama ukungu ulipasuka. Ng'ambo ya bonde tuliona nyumba ya Mama Mukubwa, ndogo lakini wazi kabisa. Uani watu walikuwa wamejaa. Vijana wawili walikuwa wakifunga kamba za shitingi, turubai la bluu ambalo kwetu hutandazwa palipo na msiba.

Mama aliliona kabla sijafungua mdomo. Alitazama mpaka walipomaliza kufunga kamba zote.

"Sasa," alisema, "tunaweza tembea polepole."