Nimebebwa kama mgonjwa, na sikushuka

Leo nimeamka nikiwa napita hewani.

Mdogo wangu Neema alitaka tulale kwenye hema. Mimi nikang'ang'ania bembea ya kulalia, ile ya kitambaa unayofunga kwenye miti miwili.
Kule juu ya kijiji cha Msanzi ni majani matupu, lakini nilipata miti miwili ya milingoti kando ya njia.
Neema akaenda kuchota maji. Upepo ukanibembeleza, nikapotea usingizini.

Nikafumbua macho. Mawingu yanatembea.
Kumbe ni mimi ninayetembea.

Wanaume wawili waliotoka kukata miti ya kujengea walikuwa wamening'iniza bembea yangu kwenye mti mmoja kati ya ile waliyokata, wamenitia mabegani. Mama mmoja mwenye jembe ananipepea kwa khanga.

Huku kwetu, anayeonekana njiani amelala kwenye kitambaa ni mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Ukimkuta, unabeba. Huulizi.
(Mimi ni Mfipa. Hilo nalijua toka utotoni.)

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Vumilia, zahanati si mbali."
"Mama, mimi siumwi. Nilikuwa nimelala tu."

Wakasimama. Nikasubiri kutukanwa.

Mama akaacha kunipepea.
"Kila siku tunabeba wanaolia," akawaambia wale wanaume. "Huyu mfikisheni hata pale kwenye kona."

Wakaendelea, polepole. Nikafumba macho.

Neema aliporudi na maji alikuta miti mitupu. Hadi sasa hasemi na mimi.

Lakini semeni ukweli, ninyi mngeshuka?