Mwenye Nyumba Amelala

Lokaale akilala haguswi. Akirudi kazini asubuhi, boma zima hunywea: watoto hunyoshewa fimbo, mbwa hufukuzwa, na mama yake huketi mlangoni akiwa ameweka kidole mdomoni. Baba amelala! Amekesha akilinda bohari! Amekesha wapi? Madereva wa malori ya Lokichoggio wakifika Kakuma usiku hupiga honi mpaka wachoke, ndipo soja wetu atoke na alama za gunia shavuni. Lakini tuyaache hayo, mume wa mtu hasemwi.

Mkewe, Namuria, naye hufanya kazi usiku. Ni msaidizi katika wadi ya kina mama wanaojifungua: hupiga deki, hubeba maji, hushika vichanga mama zao wakishonwa. Huko hakuna kupata hata lepe la usingizi. Akifika nyumbani hujilaza kando ya mumewe, na hapo ndipo utajua dunia haina haki, kwa sababu wanaolala hapo si wawili. Mmoja amelala, mwingine ni mwanamke aliyejinyoosha kidogo. Unga umeisha, Namuria. Mbuzi wametawanyika, Namuria. Mwanao Ereng amechana suruali, Namuria. Na wanavyomwamsha sasa! Mama mkwe huingia kwa kunyata, humgusa wayo kwa ncha ya fimbo na kumnong'oneza, "Toka polepole, usije ukamwamsha." Hebu fikiria! Mtu anaamshwa kwa adabu zote ili mwingine asiamke.

Alivumilia. Aliambiwa mwanamke huzoea, naye akazoea kila kitu isipokuwa kukaa bila usingizi, maana hilo halizoeleki.

Usiku mmoja mwili ukagoma. Alikuwa kitini, amepakata mtoto wa Marie-Claire, mama wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi aliyejifungua kwa taabu. Kope zikajifunga. Mtoto akateleza pajani, na kama si Sista Jeptoo, msimamizi wa zamu, kumdaka, yangekuwa mengine.

"Namuria! Hii ni mtoto ya mtu!"

"Nisamehe, Sista."

"Leo nimenyamaza. Nikikupata umelala tena, unaenda nyumbani na hurudi. Kesho usiku uko kazi, na nitakuangalia."

Marie-Claire alimchukua mwanawe, akageukia ukutani. Hilo lilimuuma Namuria kuliko onyo lenyewe.

Asubuhi alitoka pale kwa aibu, lakini kabla hajafika nyumbani aibu ilikuwa imegeuka hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Kazi ile aliipenda. Ndiyo iliyofanya watu wasio ndugu zake wamwite kwa jina lake mwenyewe. Aipoteze kwa sababu ya mbuzi na suruali?

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kidole kimeshapanda mdomoni. Namuria akampita, akaingia, akamvua Lokaale shuka.

"Amka. Toka nje."

"Kuna nini? Moto?"

"Nataka kulala."

"Si ulale hapo kando. Nani amekukataza?"

"Hapo kando hapalaliki. Hapo ni mahali pa kungojea kuitwa. Toka!"

Mama mkwe akaja juu. "Namuria! Unamfukuza mwanamume nyumbani kwake?"

"Kwake wapi, mama? Hizi fito nani alikata? Haya makuti nani alifunga, nikiwa na mimba ya Ereng, wewe mwenyewe ukinionyesha pa kukaza kamba? Si wewe uliyeniambia mwanamume hajengi, kwa hivyo hana nyumba, ana mke mwenye nyumba?"

Mama mkwe akasogea kando, akapisha mlango. Kwa Waturkana hilo halina ubishi, nyumba ni ya mke aliyeijenga. Na yeye mwenyewe aliwahi kumtoa marehemu mumewe nje kwa kosa dogo kuliko hilo, na mpaka leo husimulia kwa majivuno.

Lokaale akachukua mkeka wake, akajilaza kivulini. Mpira wa watoto ukamgonga mgongoni.

"Nyinyi! Watu wamelala!"

Hakuna aliyenyamaza. Mama yake akamtazama kwa muda, jitu zima limejinyoosha jua likiwa limewaka, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Lokaale, kwa kuwa uko macho, mbuzi wametawanyika. Nenda."

"Mama, mimi nimekesha!"

"Fuata mbuzi, mwanangu. Na upite polepole hapo mlangoni."

Namuria akalala fofofo mpaka jua likashuka. Jioni aliingia wadini macho yakiwa makavu, akaanza kupiga deki. Wakati huohuo Lokaale alikuwa akijikokota kuelekea bohari, akipiga miayo, huku akimlalamikia kila aliyekutana naye kwamba boma lao halina huruma hata kidogo kwa mtu anayefanya kazi usiku.