Mpima Damu wa Rhamu Asiyekubali Kipimo Kimoja

Saa mbili asubuhi, Salome Nkirote anasukuma meza hadi dirishani. Umeme umekatika tena. Anageuza kioo cha hadubini kielekee jua, anainama na kuanza kuhesabu chembe za damu ya mgonjwa aliyeungua.

"Jenereta ni ya chumba cha upasuaji tu," anafoka. "Mimi naambiwa nitumie jua. Siku ya mawingu nitumie nini?"

Nkirote, 34, mzaliwa wa Meru, ndiye mpimaji pekee katika maabara ya hospitali ndogo karibu na Rhamu, wilayani Mandera. Majiko ya mafuta ya taa yanapolipuka, majeruhi huletwa hapa. Garissa ni mbali mno kwa mtu asiye na ngozi mgongoni.

Kinachomchosha ni kueleza jambo lile lile kila siku. Mtu akiungua vibaya, chembe zake nyeupe hupanda hata kabla vijidudu havijaingia. Kipimo kimoja hakisemi lolote. Damu ipimwe kila siku, mabadiliko yaonekane.

"Matabibu wanaagiza kipimo siku ya kwanza, karatasi inaingia kwenye faili, basi! Mgonjwa akizidiwa, wananiuliza maabara ilikuwa wapi."

Februari mwaka huu wa 1996 aliletwa Fatumo, muuza chai wa miaka 22, ameungua kifua na mikono. Siku ya nne mama yake, Barwaqo, alimzuia Nkirote mlangoni mwa wodi, akilalamika kwa lafudhi ya Kisomali.

"Abaayo, dada yangu, kila siku damu, damu! Mnabeleka wapi? Mtoto wangu ataisha!"

"Mama, ni kidogo tu. Hiyo ndiyo itaniambia mapema akianza kuharibika."

Barwaqo alisogea, shingo upande.

Siku ya sita, chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka kutoka laki tatu hadi elfu tisini kwa siku mbili, dalili kwamba huenda vijidudu vimeingia kwenye damu. Nkirote alikimbia kwa tabibu wa zamu, Bwana Mahat. Mahat hakuinuka kitini.

"Hana homa. Kidonda ni safi. Umekosea hesabu."

Nkirote alirudi, akahesabu upya. Elfu themanini na nane. Mahat akamwambia angoje kesho. Mara ya tatu Nkirote hakubeba karatasi.

"Njoo uhesabu mwenyewe," alimwambia.

Mahat alihesabu, kisha akaagiza sindano za kuua vijidudu zianze papo hapo. Jioni hiyo Fatumo alishikwa na homa kali, akaweweseka, lakini dawa zilikuwa zimeshaingia. Wiki ya tisa aliondoka kwa miguu yake, vidole viwili vimekakamaa.

"Nilikuwa nangoja homa," Mahat anakiri. "Ilipokuja, ningekuwa nimechelewa."

Hata hivyo, ombi la Nkirote kwa wasimamizi wa hospitali kwamba kila aliyeungua apimwe damu kila siku halijajibiwa tangu Machi. Ameacha kungoja. Jumatatu ataanza kuwafundisha wauguzi wawili kuhesabu chembe, ruhusa ije isije.

"Desemba naenda Meru kuwaona watoto wangu," anasema. "Sitaki nirudi nikute kitanda cha mgonjwa kimetandikwa upya, halafu niambiwe hakuwa na homa."