Majina Manne ya Nyamal

Jumamosi ile, vita pekee nyumbani kwetu, mtaa wa Atlabara, Juba, vilikuwa vya viatu. Nyamal, miaka minne, alikuwa amevaa cha kushoto mguu wa kulia na cha kulia mguu wa kushoto, na hakutaka kuambiwa. Mdogo wake Koang, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amekalia sufuria yangu ya ugali na kujisaidia humo, kwa sababu poti lenyewe alikuwa amelivaa kichwani. Uji ulikuwa unafurika jikoni. Baba yao, Gatwech, alikuwa uani akinyoa ndevu chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli ambacho hakuna nyumba ya Juba isiyo nacho, akiimba vibaya kama kawaida yake. Nikampigia kelele aje anisaidie. Alikuja na povu shavuni, akamnyanyua Koang, akaichungulia sufuria.

"Mama Nyamal," akasema, "hii leo hatuwezi pikia kitu."

Kiswahili chake alikiokota kambini Kenya, akiwa mkimbizi, na hakuwahi kujisumbua kukinyoosha. Mimi nilikulia Eldoret, binti wa wakimbizi pia, na nilikuwa namsahihisha siku za mwanzo. Baadaye niliacha, kwa sababu nilianza kukipenda hivyo hivyo kilivyovunjika.

Mwenye gari la maji alipopiga honi, Nyamal alitangulia getini na viatu vyake vya kinyumenyume. Yule mzee hakuwa ameuliza chochote. Nyamal akanyoosha mkono, akawa anahesabu kwa vidole: "Mimi ni Nyamal. Gatwech. Bol. Tut!" Mzee akapiga makofi. Alikuwa amesikia hayo kila wiki tangu mvua zilipoisha.

Kwetu Juba karatasi yoyote inataka majina manne: lako, la baba, la babu, la baba wa babu. Zahanati, shule, ofisi ya ardhi, kote ni vile. Wengi wanayajifunza wakiwa wakubwa. Gatwech alimfundisha Nyamal mapema, wawili wakiwa mkekani alasiri na bakuli la njugu karanga, njugu moja kwa kila jina lililotoka sawasawa. Aliniambia mtoto akipotea sokoni Konyokonyo, akitaja hao wanaume watatu, lazima atokee mtu anayejua mlango wa kwao. Mimi niliyesoma ugenini kwa jina moja na lakabu ya kunidhihaki niliona ni jambo jema kabisa. Siku nchi yetu ilipopata uhuru alimweka mabegani, mtoto hajui hata kusema "maji" vizuri, yuko tu anatafuna kibendera, na Gatwech akamtajia majina yale kwa sauti katikati ya umati. "Sasa haya majina iko na nchi," aliniambia. Nililia. Sioni aibu kusema.

Kesho yake baada ya vita vile vya viatu, Jumapili jioni ya Desemba, miaka miwili na nusu baada ya bendera ile, tukasikia risasi. Tulidhani ni sherehe. Juba hupiga risasi hewani kwa harusi, kwa mwaka mpya, kwa mpira. Gatwech alisikiliza kidogo, akasema hizi zinajibizana.

Jumatatu hatukutoka. Niliwalaza watoto chini ya kitanda na magodoro ubavuni, na mchana kutwa nikagundua kwamba mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kuambiwa kuna vita. Koang alitaka kutoka. Alitaka mpira. Alitaka uji, akaumwaga, akataka mwingine. Kila kishindo alikijibu "Bum!" na kucheka, na mimi nikicheka naye. Jirani alituma ujumbe wa simu: askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanawatafuta wanaume wa kabila fulani, na wake zao, na watoto.

Sitaandika majina ya makabila hapa. Aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo atachagua upande kabla hajanisikiliza. Itoshe kusema kwamba kabila lililokuwa likitafutwa lilikuwa la Gatwech, na langu halikuwa. Redio ya nje ilisema hali ni tete. Niliizima kwa hasira kiasi kwamba kitufe kilibaki mkononi mwangu.

Jumanne asubuhi milio ilipungua, na Gatwech akaniita uani.

"Wewe chukua watoto, mwende kwa shangazi yako kule Kator. Mchana huu, kabla hawajafika huku kwetu."

"Na wewe?"

Akaonyesha paji la uso wake. Lilikuwa na mistari sita, sikio hadi sikio, aliyochanjwa alipoingizwa utu uzima kwa desturi ya kwao. Hakuna kofia ya kuficha kitu kile. "Mimi uso yangu ndiyo kitambulisho. Mimi na majirani wawili tutajaribu kambi ya walinda amani kule uwanja wa ndege. Nyinyi mkiwa na mimi, mnakufa na mimi. Mkiwa peke yenu mnapita. Wewe unaongea lugha ya hapa, Koang hajui kusema. Shida ni mtoto mmoja tu."

"Mtoto gani?"

"Huyu ambaye mimi nimefundisha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga kwa njugu zake na mkeka wake na fahari yake yote, na papo hapo nilitaka kumshika nisimwachie. Tuliingia ndani pamoja.

Nilianza mimi. Nilimwambia Nyamal kwamba leo, mtu akimwuliza jina, aseme Poni, jina la marehemu mama yangu. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyeharibikiwa akili. "Mimi si Poni." Nikamwahidi biskuti. "Mimi si Poni." Nikamfokea. Alivuta pumzi, akanyoosha vidole, akayataja yote manne kwa sauti ambayo ingesikika hadi barabarani. Kama kuna siku nimeogopa sauti ya mwanangu mwenyewe, ni siku ile.

Gatwech akapiga magoti mbele yake.

"Jina yako nani?"

"Nyamal Gatwech Bol Tut."

"Hapana. Wewe ni Poni."

"Baba, umesahau?"

Gatwech akamshika mikono yote miwili.

"Sikiza. Hii nyumba haiwezi kubaki bila mtoto. Nyamal atabaki hapa na mimi. Mimi nitamwangalia. Poni ndiyo anaenda na mama na Koang. Poni iko na jina moja tu. Poni bas. Umesikia?"

Nyamal alifikiri. Nilimwona anafikiri, kweli kabisa, macho yakizunguka chumbani kutafuta mahali ambapo yule mtoto mwingine angelala.

"Utampa uji?"

"Nitampa."

"Sawa," akasema. Akavaa viatu mwenyewe.

Nilimfunga Koang mgongoni. Nilibeba chupa ya uji na kadi ya chanjo ya mtoto wa dada yangu, waliyoisahau kwetu walipotutembelea, ili tuonekane tunakwenda zahanati. Gatwech hakutusindikiza getini.

Barabara ya kwenda Kator nimeitembea mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku ile ilikuwa na viatu vilivyoachwa, vya kila namna. Nilimwambia mtoto aangalie mgongo wa Koang. Aliangalia viatu.

Benchi la mbao lilikuwa limewekwa katikati ya njia. Askari watatu.

Aliyesimama alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu mdogo, amevaa sweta katika jua lile. Aliniuliza natoka wapi. Nilimjibu kwa lugha ya mama yangu, kisha kwa Kiarabu cha Juba. Aliniuliza mume wangu. Nikasema yuko Yei, dereva wa lori.

Akatazama kadi. Hakuisoma.

Akainama kwa mtoto. "Binti, isim taki munu?" Jina lako nani.

Mtoto akageuka kutazama tulikotoka.

Sikumgusa. Niliogopa kumgusa.

"Poni," akasema. Kidole kimoja kikanyooka.

"Poni nani?"

Kidole cha pili kikaanza kuinuka.

Nilikiona. Mdomo wake ulikuwa umekwisha funguka.

Akakikunja.

"Poni bas."

Askari alicheka. Akasema huyu atakuja kumsumbua mume. Akasogeza benchi kwa mguu, tukapita, na nilitembea taratibu kwa sababu mwenda zahanati hakimbii.

Shangazi yangu Roza alikuwa na vyumba viwili karibu na kanisa, na siku ile vilikuwa na watu ishirini na zaidi. Nilimpigia Gatwech simu kabla sijamshusha Koang.

"Mmefika?"

"Tumefika."

"Poni alisema nini?"

"Alisema Poni bas."

Nilimsikia akicheka, kicheko chake kile cha tumboni, kwa raha, kama mtu asiye na shida duniani. "Mimi iko sawa," akasema. "Tunatoka saa hii. Funga simu, chaji inaisha."

Sikumsikia tena. Kambini hakufika. Wale majirani wawili pia hawakufika. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliniambia aliona wanaume wakipandishwa kwenye gari upande wa barabara kuu, lakini hakuweza kuapa ni akina nani. Hapajakuwa na kaburi. Nimeuliza ofisi tano, na katika ya mwisho kijana wa mezani aliniambia nisamehe, taifa lisonge mbele. Nilimwambia taifa lisonge, mimi nitakaa hapa kwenye kiti hadi aliandike jina la mume wangu kwenye karatasi yake. Nilikaa kutwa. Aliliandika.

Jioni ile ya kwanza Kator nilimwita mtoto aje ale. "Nyamal!" Hakugeuka. Nikaita tena. Akaniambia kwa upole, kama anayemsaidia mgeni aliyepotea njia, "Nyamal amebaki na baba."

Nilidhani ni mchezo ambao ungekwisha kwa wiki. Tulivuka Uganda, tukaenda Eldoret kwa dada yangu, na mchezo haukuisha. Alipouliza baba atakuja lini na Nyamal, nilimwambia bado, na baada ya mwaka hakuuliza tena. Shuleni nilimwandikisha Poni kwa majina ya upande wangu. Ilikuwa rahisi zaidi, na nilijiambia ni kwa muda. Koang, ambaye hakumbuki hata sura ya baba yake, nilimfundisha majina yake yote manne kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na akayapigia kelele dirishani kila gari lilipopita. Watu walinishauri nisimfundishe. Niliwasikiliza, nikawapa chai, wakaenda zao.

Poni alipofika miaka kumi na mitatu nikarudi nao Juba. Ndugu walisema nimechanganyikiwa. Mabati ya nyumba yalikuwa yameng'olewa, milango haikuwepo, na mtu alikuwa amepanda mtama uani. Nilingoja avune, nikamwonyesha hati, akatoka. Nyumba ni yangu. Waliotufukuza hawakutuuliza kama tumemaliza kukaa.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu aliniita. Fomu za mtihani wa kumaliza shule ya msingi zina visanduku vinne vya jina, na Poni alikuwa amejaza kimoja na kuviacha vitatu vitupu. Alikuwa amekaa pale ofisini, mrefu kama baba yake, mikono mapajani. Mwalimu alifunga mlango kwanza. Ni mtu mwema. Aliteremsha sauti, akaniambia wazazi wengine huweka majina ya upande wa mama, mtoto asije akapata taabu huko mbele, na kwamba hakuna atakayeuliza.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimekwisha inuka kumjibu, na ningemjibu vibaya. Poni akavuta fomu. Akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka: GATWECH. BOL. TUT. Akaisukuma mbele ya mwalimu na kumtazama usoni hadi mwalimu akainamisha macho.

Niliona kisanduku cha kwanza bado ni Poni. Nilimgusa bega, nikamwambia kwamba hicho nacho angeweza kukibadilisha sasa, kama anataka. Jina lake lipo. Hakuna aliyelichukua.

"Nyamal nilimwachia baba," akasema. "Nikimchukua, baba atabaki na nani?"

Nikaondoa mkono begani mwake. Mwalimu akapiga muhuri.