Hatua Saba za Sedekia

Wasifu wa kaka yangu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa na mistari kumi na mmoja. Ulisema Sedekia alizaliwa Uyole, akasoma hadi kidato cha nne, akawa fundi seremala Mafinga na baadaye Iringa, akaugua figo, akalala katika Bwana akiwa na miaka arobaini na mmoja. Yote ni kweli. Mzee wa kanisa aliusoma vizuri, na mvua ilikuwa inakaribia, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini wale waliokuja na basi zima kutoka Iringa walikuwa wanatazamana, kwa sababu mchezo haukutajwa. Mimi ni Bupe, mdogo wake. Naandika ili ushirika wetu ujue tulimzika nani.

Sedekia alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye karakana moja ya mbao Mafinga. Alikuwa mtu wa kupima mara tatu na kukata mara moja, na hakupenda kuharakishwa. Siku moja akaja dada mmoja kutoka Iringa, Regina Budeba, ambaye wazazi wake ni wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu. Regina alikuwa ameanzisha kipindi cha mchezo kwenye kituo kidogo cha televisheni, akataka meza na rafu za kuonyeshea zawadi. Kaka alizitengeneza. Regina alipoziona akamwambia, "Fundi, wewe usirudi. Kaa hapa uwe fundi wa kipindi." Kaka akaacha kazi karakana, na wiki hiyohiyo nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Hakuwa na pa kurudi, na alijua hivyo.

Kipindi kiliitwa Sema Bei. Kilikuwa rahisi. Kitu kinawekwa mezani, mchezaji anataja bei yake ya dukani, akikaribia anakibeba kwenda nacho nyumbani. Vitu vyote vilitolewa na bwana Sifaeli, mwenye duka la jumla pale mjini, ambaye alitaka watu wavione na wavibebe.

Shida ni kwamba hakuna aliyebeba. Kaka alinisimulia siku alipogundua sababu. Alikuja mama mmoja kutoka Tosamaganga, mke wa mwalimu, mtu mwenye akili zake. Mezani kulikuwa na jiko la gesi dogo.

"Bei yake ni shilingi ngapi, mama?" Regina akauliza.

"Elfu ishirini na tano."

"Pole, umekosea. Bei ya dukani ni elfu hamsini."

"Sawa, basi nakuongezea. Thelathini. Na unifungie vizuri, natembea mbali."

Watu wakacheka, Regina naye akacheka, lakini akarudi ofisini ameshika kichwa. Wiki iliyofuata wakaandika kibao kikubwa: TAJA BEI YA DUKANI. Akaja kijana wa Kihehe, akakisoma chote kwa sauti, kisha akauliza, "Dukani kwa nani?" Halafu akataja nusu.

Hawakuwa wajinga. Sisi huku tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza bei, unaanza na nusu, maana ukianza na bei kamili umeharibu mazungumzo, na hata muuzaji atakushangaa. Miezi miwili ilipita, zawadi zikabaki palepale kwenye rafu. Sifaeli akaja kumwambia Regina, "Watu wanadhani mimi ndiye nimebana. Mwisho wa mwezi huu naondoa vitu vyangu." Bila vitu vyake hakuna kipindi, na bila kipindi kaka hana kazi. Regina alianza kutafuta maswali mepesi zaidi. Kaka akamwambia, "Tatizo si wachezaji, bosi. Tatizo ni mchezo. Nipe wiki moja nikutengenezee mwingine."

"Wewe ni fundi wa meza."

"Na mchezo nao unahitaji fundi."

Ijumaa akapanda basi kuja nyumbani Uyole. Jibu alilipata njiani, Nyololo, pale mabasi yanaposimama na akina mama wanakuja na vikapu vyao madirishani. Abiria aliyekaa mbele yake alikuwa anabishana na mwanamke mmoja juu ya mfuko wa njegere. Mwanamke anasema elfu tatu, abiria anasema elfu mbili, hakuna anayelegeza. Dereva akatia gia. Basi likaanza kutembea taratibu, na yule mwanamke akatembea nalo hatua tatu, nne, tano, kisha akasukuma mfuko dirishani akasema, "Lete hiyo mbili."

Kaka alifika nyumbani na mchezo wote kichwani. Kabla hata ya kuvua koti alimwambia Mama, "Bei ya kweli haitokei mdomoni. Inatokea mteja akigeuza mgongo."

Mama yetu, Marta, ameuza viazi soko la Uyole tangu mimi sijazaliwa. Alimtazama akasema, "Umesafiri kutwa nzima kuja kunieleza hilo?"

Mchezo ulikuwa hivi. Kunakuwa na muuzaji, na muuzaji ana bahasha yenye bei ya chini kabisa anayoweza kukubali. Mchezaji anapewa shilingi laki moja za kipindi. Wanapatana kama sokoni. Mchezaji akishasema bei yake ya mwisho anageuka na kuondoka, akikanyaga mbao saba zilizopangwa hadi mlangoni. Kama bei yake imefikia ile ya kwenye bahasha, muuzaji lazima amwite kabla hajamaliza ubao wa saba. Kitu kinakuwa chake, na chenji inakuwa yake. Kama haijafika, muuzaji ananyamaza, na mchezaji anaondoka mikono mitupu.

"Na muuzaji ni nani?" nikamuuliza.

"Mama."

Mama akakataa. Hakuogopa televisheni, aliogopa dhambi. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu akasema kitu ni elfu sitini huku anajua atakitoa kwa arobaini. Kaka akamwuliza, "Sokoni unafanya nini, Mama?"

"Sokoni mteja anajua naanzia juu, na mimi najua anaanzia chini. Hapo nani amedanganywa?"

"Basi na hao watajua."

Mama akafikiri hadi ugali ukapoa. Mwishowe akasema atakwenda, ila kila akitaja bei ya kwanza atasema pia, "Karibu, tuelewane," ili hata mgeni aelewe kwamba bei haijafungwa. Kaka akaiandika hiyo ndani ya kanuni. Kisha tukaomba. Mama hakuomba kaka ashinde. Aliomba kazi ya mikono yake isimwaibishe.

Jumatano tulikuwa Iringa, baridi kali, Mama kavaa vitenge viwili. Kaka alikuwa amezipanga mbao zake saba za paini sakafuni, amezipiga randa mpaka zinang'aa, na juu ya kila moja amechora nyayo kwa rangi nyekundu. Regina alikuwepo, na Sifaeli alikuja na kalamu na daftari, hajakaa hata kwenye kiti. Ilikuwa siku ya majaribio. Sifaeli akiridhika, Jumamosi mchezo unaruka hewani. Asiporidhika, anaondoa vitu vyake siku hiyohiyo.

Kitu cha kwanza kilikuwa blanketi zito. Mama akaonyeshwa bahasha: elfu thelathini na nane. Mchezaji wa kwanza alikuwa mlinzi wa geti, Mzee Bartholomeo, ambaye walimwita ndani ili wajaribu tu.

"Kamwene, mama," akasalimu, salamu ya kwao Iringa.

"Kamwene, baba. Karibu, tuelewane. Blanketi hili ni elfu sitini."

"Sitini? Lina maziwa ndani?"

"Lina usingizi. Shika uone."

Mzee akalishika, akalinusa, akaligeuza upande wa pili akitafuta tundu. "Ishirini na tano."

"Kwa hiyo hata wewe mwenyewe unajua hiyo ni bei ya shuka."

"Mama, mimi ni mlinzi. Nalala nje."

"Ndiyo maana unalihitaji. Nipe hamsini."

Wakaenda hivyo, mmoja anapanda, mwingine anashuka. Nilimwona Sifaeli ameacha kuandika, anatazama. Mzee Bartholomeo akafika thelathini na mbili, akasema, "Hiyo ndiyo ya mwisho, mke wangu akisikia zaidi ya hapo na blanketi atanikataza kujifunika." Akageuka. Ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama kimya, sawasawa. Wa tano, wa sita. Bei haijafika, kwa hiyo Mama alipaswa kunyamaza.

Mzee alipoinua mguu kwenda wa saba, Mama akaita, "Baba, rudi. Chukua."

Regina akafumba macho. Sifaeli akafungua bahasha kwa kidole, akaiinua juu. "Thelathini na nane," akasema. "Huyu katoa thelathini na mbili. Sasa mchezo uko wapi hapo?"

"Mama," Regina akasema kwa upole, "bahasha uliiona?"

"Niliiona, mwanangu."

"Mbona umemwita?"

Mama akashangaa kuulizwa. "Ni mteja wa kwanza. Mteja wa kwanza hafukuzwi. Akiondoka hajanunua, siku nzima umeifunga mwenyewe. Ningemwachaje?"

Nilimtazama kaka. Namjua, kama angekuwa na hofu angeanza kushikashika penseli iliyo sikioni. Hakuishika. Alikwenda akasimama juu ya ubao wa saba.

"Mama hajakosea," akasema. "Nimekosea mimi. Nimetengeneza soko nikasahau mlango. Mteja wa kwanza ana kanuni yake, nami sikuiandika. Kuanzia leo iandikwe: mchezaji wa kwanza wa kila kipindi, muuzaji anaweza kumwita hata kama bei haijafika."

"Na ile elfu sita inayopungua anailipa nani?" Sifaeli akauliza. "Wewe na randa yako?"

"Bwana Sifaeli, leo asubuhi umefungua duka saa ngapi?"

"Saa moja."

"Mteja wa kwanza alinunua nini?"

Sifaeli akamtazama, akatazama daftari lake. "Ndoo," akasema.

"Kwa bei ya kawaida?"

Sifaeli akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akaanza kucheka kidogokidogo, mabega yakatikisika. "Kwa hasara," akasema. "Alikuwa amefika mlangoni."

Regina akafumbua macho. Akasema wajaribu na mchezaji wa pili, waone kama Mama anaweza kunyamaza. Wakamwita Damari, dada wa usafi, ambaye alikuwa anachungulia mlangoni muda wote na sasa akajiona mjanja. Blanketi lilelile, bahasha ileile. Damari hakutaka maneno mengi. Akataja thelathini na mbili, akageuka, akatembea kwa maringo juu ya zile nyayo nyekundu. Alipofika wa sita akapunguza mwendo. Kwenye wa saba akasimama kabisa, mgongo umetugeukia, anasubiri.

Mama alikuwa anakunja blanketi.

Damari akageuza shingo. "Mama, mbona huniiti?"

"Nimeshafunguliwa, mwanangu. Pita salama."

Mpiga picha alicheka mpaka akaachia kamera, na Sifaeli alifuta machozi kwa ile bahasha. Akafunga daftari, akamwambia Regina vitu vinabaki. Regina akamgeukia kaka. "Jumamosi, fundi," akasema. "Na kwenye majina ya mwisho nakuandika mtunzi wa mchezo. Usibishane."

"Sibishani. Ila andika na jina la Marta."

Waliandika yote mawili. Mchezo huo, Hatua Saba, ulichezwa karibu miaka miwili. Mama alikwenda mara chache tu, kwa sababu ya viazi, na wauzaji wengine wakachukua nafasi yake, lakini kila mmoja wao alianza kwa kusema, "Karibu, tuelewane." Blanketi, majiko, ndoo na pasi zilitoka rafuni kwenda Kalenga, Kilolo na Ipogolo. Kaka aliendelea kutengeneza meza. Alikuwa haongei sana juu ya mchezo wake. Ukimsifia alikuwa anasema mbao ni za Mafinga, maneno ni ya Mama, na yeye alipigilia misumari.

Kisha figo. Alikwenda hospitali kwa miguu yake na alizungumza na madaktari kama alivyozungumza na wateja, kwa utulivu, akiuliza kila kitu. Wiki ya mwisho aliniambia, "Bupe, nikiitwa siongezi bei. Naenda." Nililia, yeye hakulia. Namwamini Mungu aliyemwita, na sina shaka na mahali alipokwenda. Bado nikisikia randa mahali popote nageuka kutazama.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Regina alizileta zile mbao saba Uyole kwa gari, amezifunga kwa turubai. Alisema wamechonga nyingine, hizi ni za nyumbani. Mama alizipapasa moja moja. Nilidhani ataziweka chumbani. Kesho yake alfajiri alinibebesha nne, yeye akabeba tatu, tukaenda nazo sokoni. Akazipanga juu ya tope mbele ya meza yake, nyayo zikitazama nje.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Akauliza bei ya sado ya viazi, ile ndoo ndogo ya kupimia.

"Elfu nne. Karibu, tuelewane."

"Elfu mbili."

"Pita salama, baba."

Kijana akageuka, akaanza kukanyaga mbao, moja baada ya nyingine, akitazama chini kwenye zile nyayo nyekundu. Alipofika wa tano Mama akamwita. Alirudi anatabasamu. "Mama, huu mchezo niliuona kwenye televisheni. Mwenyewe ni nani?"

"Mwanangu," Mama akasema. Akapima sado, akaongeza viazi vitatu juu, vikubwa. "Shika mfuko vizuri, usije ukapasuka."