Vyombo kwa Safari Moja

Nimechoka kupakia. Miaka yote hii nina pikapu, na kila anayenipigia simu huanza kwa kuniambia mzigo wake ni mdogo tu. Nikifika namkuta na makochi, friji, matofali yaliyobaki kwenye ujenzi na mama mkwe, na vyote, mama mkwe akiwemo, vinatakiwa viende kwa safari moja. Siku hizi nasema hapana. Wananiona mkorofi, na wala siwalaumu.

Siku ya kupeleka vyombo vya binti yangu mkubwa sikusema hapana. Kwetu mahari hununuliwa vyombo vya ndani, upande wa mke nao huongeza vyao, na kabla ya harusi hupelekwa nyumbani kwa mume kwa ngoma na vigelegele. Binti yangu alikuwa anaolewa Paje. Na vyombo havipelekwi kwa mafungu. Vikienda nusu asubuhi na nusu alasiri, wanaotazama kutoka barazani huhesabu nusu moja tu, na hiyo ndiyo habari itakayofika Paje kabla ya bibi harusi.

Dada yangu, aliyenizidi miaka tisa na aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, ndiye aliyesimamia upakiaji mlangoni kwetu Kikwajuni. Kitanda, kabati la milango minne, friji, meza ya kulia na viti vyake sita, masufuria, ndoo, mazulia mawili. Godoro likawekwa juu ya vyote, na juu ya godoro akapanda yeye, kigoma chake mapajani.

"Dada, teremka ukae mbele na mimi," nikamwambia.

"Nikae mbele nani atan'ona?" akanijibu. "Wewe endesha. Na safari ni moja tu, nshakwambia."

Jamaa wote waliokuwapo walimsikia. Hayo ndiyo maneno waliyoyakumbuka baadaye.

Ningeweza kushika njia ya Paje moja kwa moja. Mimi nikazungukia Mlandege kwanza, watu waone.

Gari iliyozidiwa hukwambia mapema. Nyuma imeketi, mbele imeinua pua, na usukani unakuwa mwepesi kama umeshika sahani tupu. Nilijua maana yake: magurudumu ya mbele hayaikanyagi barabara sawasawa. Breki nazo ilibidi nizikanyage mapema kuliko desturi. Nikajiambia nitakwenda polepole, kama kwamba mwendo wa pole unapunguza uzito. Huko juu dada alikuwa akiimba, namsikia mpaka ndani.

Tulipoipita Tunguu, gari ya ng'ombe iliyojaa makuti ikachomoza kutoka njia ya shamba. Nilikanyaga breki, pikapu ikaendelea. Nikakata usukani, ikachelewa kugeuka, na ilipogeuka mzigo wote ukaenda upande mmoja. Kamba zikakatika. Ng'ombe na mwenyewe hawakuguswa. Nilisikia kabati likivunjika, kisha nikagundua kwamba siisikii ngoma.

Dada alivunjika nyonga. Godoro lilikuwa limeangukia upande wa pili.

Hospitali kila aliyekuja kumtazama, dada alimpokea kwa maneno yale yale: "Msimlaumu kaka mtu. Mie ndiye nlomlazimisha safari moja." Watu wakawa wananitazama kwa huruma, nami nimesimama pale pale, chupa ya uji mkononi.

Sasa niseme nisilolisema kwa mtu. Asubuhi ile, dada alipokuwa ndani anavaa, alikuja Mhindi mmoja wa Mlandege, mwenye duka tuliponunua mazulia. Alituletea mwenyewe, kwa pikapu yake mpya. Aliyatazama magurudumu yangu ya nyuma, na mwenye macho haambiwi tazama.

"Bwana, gari yako ishakaa kitako," akaniambia. "Nipe mimi kabati na friji, nnakufuata nyuma. Tutafika pamoja."

Gari mbili zinazofuatana ni safari moja. Dada angefurahi, tena angepiga ngoma kwa nguvu zaidi. Lakini pikapu ya yule Mhindi ilikuwa inang'aa na yangu imeliwa na kutu, na sikutaka isemwe kwamba vyombo vya mwanangu vimebebwa na gari ya watu. Nilimshukuru, nikamwambia yangu inatosha. Akashusha mazulia yake akaenda zake. Mpaka leo nikipita dukani huniuliza hali ya dada, halafu huinama kukunja mazulia ambayo yameshakunjwa.

Sasa binti yangu wa pili anaolewa. Juzi dada alikuja nyumbani na mkongojo wake, akapanda ngazi za baraza moja moja, hataki kushikwa. Alikaa, akapumua kwa muda.

"Safari hii fanya hata tatu," akasema. "Mie sitatia neno. Nlikuponza, mdogo wangu, na watu wakakuona huna akili. Kila siku nnataka kukwambia. Nsamehe."

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyapanga kwa miaka, njia nzima ya Paje kwenda na kurudi nayarudia peke yangu garini. Dada alikuwa akinitazama, anasubiri, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele kwa sababu akiukunja nyonga humuuma.

"Nshakusamehe, dada," nikamwambia.

Akamshukuru Mungu, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akanipa mkono nimsaidie kuinuka.